Shajara ya mradi: wiki 14 na viwango vya taarifa za uendelevu

Wiki ya 1

Lengo nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari, nisije nikalibadilisha mambo yakiwa magumu. Mwisho wa wiki 14, mtu akininyooshea kidole namba moja ndani ya taarifa ya uendelevu ya kampuni yoyote, yaani ripoti yake kuhusu mazingira, watu na utawala, niweze kumweleza imetoka wapi, imehesabiwa kwa kiwango gani na nani anaihitaji.

Mimi ni mhasibu, huu ni mwaka wa tisa. Hesabu za fedha nazijua. Mwezi uliopita nilisoma tangazo la kazi ya mchambuzi wa taarifa za uendelevu, nikakuta mstari mmoja umebeba vifupisho sita: GRI, SASB, TCFD, ISSB, ESRS, CDP. Sikujua vipi vinafanya kazi pamoja, vipi vinatofautiana na vipi vimeshastaafu. Lakini kazi yenyewe naitaka kwa dhati. Miaka tisa nimefunga vitabu vinavyosema kampuni imepata nini, na hakuna hata ukurasa mmoja unaosema imemfanya nini mtu aliye nje ya uzio wake.

Meneja wangu amekubali nitumie kumbukumbu za kampuni yetu kutengeneza taarifa ya mazoezi ambayo haitatoka nje. Tuna ofisi, ghala, jenereta na magari machache. Sharti lake ni moja: "Ukimaliza, nione mimi kwanza."

Wiki ya 2

Nimechora ukoo wa vifupisho kwenye karatasi kubwa, kama watu wanavyochora babu na wajukuu.

Mkubwa ni GRI, taasisi inayotunga viwango vya kueleza athari za kampuni. Ilianzishwa Boston mwaka 1997, na chimbuko lake ni hasira iliyofuata ajali ya meli ya mafuta ya Exxon Valdez kule Alaska mwaka 1989. Mwongozo wake wa kwanza ulitoka mwaka 2000. Makao yake leo yako Amsterdam. SASB, bodi ya viwango vya uhasibu wa uendelevu, ilizaliwa Marekani mwaka 2011, ikaja na jambo ambalo mimi kama mhasibu nimelipenda mara moja: viwango tofauti kwa kila sekta, jumla 77, kwa sababu maswali ya kumuuliza mchimba madini si yale ya kumuuliza mwenye benki. TCFD kilikuwa kikosi kazi kilichoundwa mwaka 2015 chini ya Michael Bloomberg, kikatoa mapendekezo yake mwaka 2017 kuhusu hatari za tabianchi, kikavunjwa mwaka 2023 kazi yake ilipokwisha.

Kisha ndoa zikaanza. SASB iliungana na IIRC, baraza la kimataifa la taarifa jumuishi, mwaka 2021, na mwaka 2022 wote wakaingia katika taasisi ya IFRS, ile ile inayosimamia viwango vya hesabu za fedha ninavyovitumia kila siku. Ndani ya taasisi hiyo kuna bodi mpya, ISSB, iliyotangazwa Glasgow mwezi Novemba 2021. Juni 2023 bodi hiyo ikatoa viwango vyake viwili vya kwanza: IFRS S1 ya mambo ya uendelevu kwa ujumla, na IFRS S2 ya tabianchi. Nguzo nne za TCFD (utawala, mkakati, udhibiti wa hatari, vipimo na malengo) zimehamia humo zikiwa nzima.

Kwa hiyo kati ya vile sita vya tangazo, SASB, TCFD na ISSB sasa vinakaa nyumba moja. ESRS ni viwango vya kisheria vya Umoja wa Ulaya. CDP si kiwango kabisa, ni dodoso ambalo kampuni hulijaza kila mwaka. Aliyeandika tangazo lile aliviweka kama ndugu wa tumbo moja, na ndivyo vinavyomtisha mtu anayeanza.

Wiki ya 3 na ya 4

Wiki mbili kwa neno moja: muhimu. Sijutii hata saa moja.

Viwango vyote vinasema kampuni itoe taarifa za mambo muhimu. Nilidhani nalijua neno hilo, maana wakaguzi wa hesabu hulitumia kila mwaka. Kumbe swali ni muhimu kwa nani.

Kwa ISSB, jambo ni muhimu ikiwa kulificha, kulikosea au kulifunika kunaweza kubadilisha uamuzi wa mwekezaji au mkopeshaji. Kwa GRI, jambo ni muhimu ikiwa ni miongoni mwa athari kubwa zaidi za kampuni kwa uchumi, mazingira na watu, haki zao za kibinadamu zikiwemo, hata kama mwekezaji hatapoteza usingizi. ESRS zinataka yote mawili: jambo likipita mlango wowote kati ya hiyo miwili, linaingia kwenye taarifa.

Maelezo haya niliyasoma mara nyingi bila kuingia kichwani, hadi nilipoyajaribu kwenye ghala letu. Wapakiaji wa pale si waajiriwa wetu, wanaletwa na mkandarasi. Mwaka jana mmoja aliteleza kutoka juu ya tela akavunjika mkono. Nikatafuta ajali ile kwenye vitabu vyangu mwenyewe. Haimo. Mishahara yao ni mstari mmoja wa ankara ya mkandarasi, matibabu alilipa mkandarasi, na kwa mkopeshaji wetu jambo hilo halina uzito wowote wa kifedha. Kisha nikafungua GRI 403, kiwango cha afya na usalama kazini. Kinataka zihesabiwe pia ajali za wafanyakazi wasio waajiriwa, ilimradi kazi yao au mahali pao pa kazi panaongozwa na kampuni. Ghala ni letu. Anayepanga zamu ni msimamizi wetu. Mkono ule unatuhusu.

Nilikaa na ankara ile mbele yangu muda mrefu. Niliiidhinisha mimi, na saini yangu iko chini.

Wiki ya 5

Kusoma tu. GRI 1, 2 na 3, viwango vyake vya jumla, toleo la 2021 lililoanza kutumika Januari 2023. Kampuni inaweza kusema imeandaa taarifa kwa kufuata viwango vya GRI kikamilifu, au imeandaa kwa kuvirejelea tu. Tofauti ni kubwa: njia ya kwanza ina masharti tisa, ya pili ina matatu. Mazoezi yangu yatakuwa ya kurejelea.

Wiki ya 6

Gesijoto. Nimeingia sehemu niliyokuwa naiogopa, maana kemia niliiacha shuleni.

Kitabu cha msingi ni GHG Protocol, kilichotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa mwaka 2004. IFRS S2 yenyewe inaelekeza huko. Kinagawa utoaji wa gesi katika mawanda matatu. La kwanza ni kile tunachochoma au kuvujisha sisi wenyewe. La pili ni umeme tunaonunua. La tatu ni kila kitu kingine kabla yetu na baada yetu, katika makundi 15.

Nikaanza na dizeli. Vitabu vingi hutoa kizidisho cha kilo 2.68 za hewa ukaa kwa lita moja. Sikukubali kukitumia bila kujua kimetoka wapi, kwa sababu lita ya dizeli ina uzito wa kilo 0.84 hivi. Itatoaje kilo 2.68? Jibu liko kwenye oksijeni. Mafuta yakiungua, kila chembe ya kaboni hushika chembe mbili za oksijeni kutoka hewani. Kaboni ina uzito wa 12, na muungano wake una uzito wa 44. Uzito mwingi unaotoka kwenye bomba la moshi haukuwa ndani ya tangi, umechukuliwa hewani. Nikahesabu pia kwa njia ya nishati: kilo 0.84 mara megajuli 43 kwa kilo ni megajuli 36.1, mara gramu 74.1 za hewa ukaa kwa kila megajuli, nikapata 2.68. Njia mbili, namba moja. Nilifurahi.

Wiki ya 7

Leja inasema tumenunua lita 18,400 za dizeli kwa mwaka. Kitabu cha mafuta cha ghalani kinasema zimetolewa lita 17,150. Tangi lilianza mwaka na lita 300, likafunga na 900. Hesabu rahisi: 300 jumlisha 18,400 toa 17,150, tangini zilitakiwa ziwemo 1,550. Zimo 900. Lita 650 hazina mwenyewe.

Nilishuka ghalani na kitabu mkononi. Mtunza ghala ni mzee wa makamo, ametangulia kuajiriwa kabla yangu.

"Shikamoo mzee. Naona hapa kila Jumapili pako wazi."

"Marahaba. Ndiyo, mwanangu. Jumapili kitabu kinafungiwa kabatini. Jenereta haifungiwi."

Tukaenda kuangalia mita ya saa ya jenereta. Imezunguka saa 63 zaidi ya zilizoandikwa kitabuni, na inakula lita 10 hivi kwa saa. Hizo ni lita 630. Zilizobaki 20 nimeziandika kama tofauti isiyo na maelezo, sikuzifuta. Matumizi halisi ya mwaka ni 300 jumlisha 18,400 toa 900, yaani lita 17,800, ambazo ni tani 47.7 za hewa ukaa.

Kama ningechukua kitabu cha mafuta peke yake, ningepunguza tani 1.7 bila nia mbaya yoyote. Nimeanza kuamini kwamba makosa mengi ya taarifa hizi ni ya namna hii: Jumapili ambazo hakuna aliyeandika.

Wiki ya 8

Hii nataka kila anayeanza aisome.

Nilikuwa nimefunga wanda la kwanza kwa dizeli peke yake. Magari yote ni ya dizeli, jenereta ya dizeli, basi. Usiku mmoja nikarudia orodha ya gesi: hewa ukaa, methani, oksidi ya nitrasi, salfa heksafloridi, nitrojeni trifloridi, na familia mbili za gesi zenye florini ambazo moja hutumika kwenye vipoza hewa. Vipoza hewa tunavyo.

Ankara ya fundi ilikuwa kwenye akaunti ya matengenezo ya jengo, katikati ya vitasa vya milango na rangi. Imeandikwa "kujaza gesi, AC mbili", bila kipimo. Nikampigia fundi. Akasema aliongeza kama kilo mbili za R-410A, gesi ya kupozea, kwa sababu zilizokuwemo zilikuwa zimevuja. Kwa vipimo vya ripoti ya sita ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, kilo moja ya mchanganyiko huo hupasha dunia sawa na kilo 2,256 hivi za hewa ukaa katika miaka 100. Kilo mbili ni tani 4.5. Kuzipata tani hizo kwa dizeli ingebidi tuchome karibu lita 1,680.

Karibu sehemu moja ya kumi ya dizeli yote ya mwaka ilikuwa imelala ndani ya ankara moja ya ukurasa mmoja. Toka siku hiyo nimepitia akaunti zote za matengenezo, mstari kwa mstari.

Jambo la pili nimelinakili kwa wino mwekundu: hivyo vipimo hubadilika. Methani ilikuwa mara 25 katika ripoti ya nne ya IPCC, ikawa 28 katika ya tano. Taarifa isiyosema imetumia ripoti ipi haiwezi kulinganishwa na ya mwaka uliopita, hata ikiwa ya kampuni ile ile. IFRS S2 inataka itumike ripoti ya karibuni zaidi.

Wiki ya 9

Umeme ulichukua siku moja: kilowati-saa kwenye ankara mara kizidisho cha gridi. Kampuni zenye mikataba maalumu ya umeme safi hutoa namba mbili, moja ya gridi ilivyo na nyingine ya mkataba. Ukiona namba moja tu kwenye taarifa ya kampuni kubwa, uliza ni ipi.

Kilichonishikilia ni mipaka. Tuna malori mawili yasiyo yetu. La kwanza tunalikodi kwa safari, na dereva, mafuta na matengenezo ni vya mwenye lori. Hilo ni wanda la tatu, kundi la nne, la usafirishaji. La pili tumelikodi miaka mitatu, dereva ni wetu, na ratiba na matengenezo tunaamua sisi. Kwa kigezo cha nani anaongoza shughuli, hilo ni letu hata kama kadi ina jina la mtu mwingine, na dizeli yake ni ya wanda la kwanza. Kigezo hiki kilinigusa kwa sababu nakijua kwa sura nyingine: toka IFRS 16, kiwango cha hesabu za ukodishaji, ilipoanza mwaka 2019, lori hilo hilo liko kwenye mizania yetu kama haki ya kutumia mali. Wahasibu wanaohofia fani hii wana mtaji mkubwa kuliko wanavyodhani.

Wiki ya 10

Nimekosea, na kosa lilikaa wiki nzima.

Nilikuwa nalinganisha taarifa za kampuni mbili kubwa za sekta moja. Ya kwanza ilionyesha kiwango cha majeraha 1.1, ya pili 4.0. Nikaandika aya nzima kuisifu ya kwanza kwa kulinda watu wake. Siku ya sita nikasoma maandishi madogo chini ya jedwali. Ya kwanza imehesabu kwa kila saa 200,000 za kazi. Ya pili kwa kila saa 1,000,000. GRI inaruhusu vyote viwili: 200,000 ni takriban saa za mwaka za watu 100, na milioni moja ni za watu 500. Ukiileta ya kwanza kwenye saa milioni, 1.1 inakuwa 5.5.

Kwa namba hizo, watu waliojeruhiwa zaidi ni wale wa kampuni niliyoisifu. Nimeiacha aya ile kwenye daftari, nimeikata kwa mstari mmoja ili isomeke.

Wiki ya 11

Uhakiki. Taarifa nyingi huwa na barua ya mkaguzi mwishoni, na nilikuwa nairuka. Sasa naanza nayo. Uhakiki wenye mipaka husema kwa kukanusha: hakuna kilichotufikia cha kutufanya tuamini kwamba taarifa ina kasoro kubwa. Uhakiki wa kina husema kwa kukiri: kwa maoni yetu, taarifa imeandaliwa ipasavyo. Kati ya sentensi hizo mbili kuna miezi ya kazi. Tena barua husema ni namba zipi hasa zimekaguliwa. Katika taarifa moja niliyoisoma ni wanda la kwanza na la pili tu, wakati kurasa za mbele zinajivunia la tatu.

Kiwango kipya cha kimataifa cha kazi hii, ISSA 5000, kilichapishwa Novemba 2024 na kinahusu vipindi vinavyoanza tarehe 15 Desemba 2026 au baadaye. Kwa mtu anayetoka kwenye ukaguzi wa hesabu, huu ndio mlango uliokaribu zaidi.

Wiki ya 12

Ulaya. Agizo la CSRD, linalozitaka kampuni zitoe taarifa za uendelevu, lilianza Januari 2023 kuchukua nafasi ya lile la 2014, na viwango 12 vya ESRS vikapitishwa Julai mwaka huo. Kisha Februari 2025 Tume ya Ulaya ikapendekeza kupunguza mzigo, na Aprili mwaka huo kampuni ambazo zamu yao ilikuwa bado zikasogezewa mbele miaka miwili. Madokezo yangu ya mwanzo yalitoka kwenye somo la kabla ya hapo, nikayafuta nusu. Vikomo vya idadi ya wafanyakazi na mauzo sivikariri tena. Navitafuta siku ninayovihitaji, kwenye maandishi ya sheria yenyewe.

Wiki ya 13

Nimeongea na watu wawili wanaofanya kazi hii, mmoja kwenye ukaguzi na mwingine anayeandaa taarifa ndani ya kampuni. Niliwauliza kuhusu vyeti. Vipo vya kueleweka: mtihani wa FSA, wa misingi ya uhasibu wa uendelevu, wa taasisi ya IFRS, wenye ngazi mbili, na kile cha GRI. Anayeandaa taarifa alisema cheti humfikisha mwombaji kwenye usaili, halafu yeye humpa jedwali lenye makosa yaliyofichwa na kumwachia dakika 40. Wengi hujua majina ya viwango vyote na hawaoni kwamba kipimo kimeruka kutoka kilo kwenda tani katikati ya safu.

Nimejiandikisha FSA ngazi ya kwanza. Na kila jioni najipa jedwali moja.

Wiki ya 14

Nimempelekea meneja. Kurasa 19, tatu za mwisho ni faharasa inayoonyesha kila takwimu inajibu kifungu gani. Alisoma kimya. Aliuliza maswali mawili. La kwanza, kwa nini nimeweka lita 20 zisizo na maelezo badala ya kuzipotezea. Nikamwambia mkaguzi akizikuta mwenyewe hataamini zile 17,800. La pili lilikuwa kuhusu mpakiaji aliyevunjika mkono: kwa nini nimemwandika kwenye jedwali la usalama, na si mwajiriwa wetu? Nikamfungulia GRI 403 pale panaposema. Akasoma mara mbili, akaniomba nakala ya mkataba wa mkandarasi.

Leo asubuhi nimeshuka ghalani. Kitabu cha mafuta kina safu mpya iliyopigwa kwa rula, "jenereta", na Jumapili iliyopita imejazwa: saa 4, lita 41. Fundi wa vipoza hewa naye alikuja jana. Kwenye ankara yake ameandika R-410A, kilo 0.6, na chini yake, bila kuombwa, uzito wa mtungi kabla na baada ya kujaza.